Baiskeli Iitwayo Usilale

Wete, Pemba
14 Juni 1983

Mama Thuwaiba,

Salamu kwanza, maana najua umeshanuna. Nimefika salama kwa Ami Yakoub, ila bahari imenitapisha mpaka nyongo. Sikukuaga vizuri, nisamehe. Lakini ulitaka nisubiri nini? Tairi sita chini ya kitanda na pakiti nne za gololi, na redio kutwa inawataja wahujumu uchumi! Yule jirani wa Barabara ya Nane kachukuliwa kwa katoni mbili za sabuni. Tairi zile mpe umtakaye, lakini zisilale humo ndani.

Benchi la baiskeli nimemwachia Abrahamu. Kijana yule wa Kishambaa ana mkono mwepesi na hana maneno mengi. Nimeshamwonyesha usilale inavyotengenezwa: kwa kuwa friwili, zile gia zinazoacha miguu ipumzike, hazipatikani dukani wala kwa magendo, anafunga gia kavu kwenye habu, kitovu cha gurudumu la nyuma. Gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka, hakuna kupumzisha miguu, na breki ni miguu ya mpandaji mwenyewe. Mteja akilalamika, mwambie ndiyo maana ikaitwa usilale.

Sharti langu ni moja. Abrahamu akiondoka, benchi lifungwe, nawe urudi Moa kwa kaka yako. Sitaki kusikia mke wangu yuko barazani na spana za watu. Yeye akae nje, wewe ndani. Chai yake iwekwe dirishani.

Mumeo,
Massoud


Nguvumali, Tanga
9 Julai 1983

Baba Thuwaiba,

Barua imefika, na nyongo yako nimeipokea. Pole.

Walikuja wale watu wa msako. Wakainama chini ya kitanda wakakuta beseni la Thuwaiba na kiatu chako kimoja. Tairi zako sita zilishatoka: zinazunguka hapa mjini kwenye usilale tatu. Moja kaichukua karani wa reli, moja mwoka mikate, na ya tatu mwalimu mmoja wa Chumbageni ambaye siku ya kwanza aliacha kukanyaga akidhani miguu itapumzika, pedali zikamrusha mpaka kwenye kichaka cha mchongoma. Kesho yake kaja kushukuru, anasema haijapata kutokea baiskeli nyepesi namna ile.

Abrahamu hajambo. Kazi inakwenda. Chai ipo dirishani.

Nani anakufulia huko?

Khairiya


Wete
2 Septemba 1983

Mama Thuwaiba,

Ninafua mwenyewe, na kama huamini muulize Ami.

Nimefurahi kusikia kazi inakwenda. Mwambie Abrahamu asisahau kupima. Mtu asiuziwe baiskeli kama anavyouziwa ndoo. Kamba ianzie kwapani mpaka ncha ya kidole cha kati, ndipo ajue usukani ukae mbali kiasi gani na kiti. Akishamaliza, apige alama yake kwa patasi chini ya fremu, herufi na mwezi na mwaka, kama ninavyopiga mimi.

Wateja wanawake asiwapime. Mwanamke akija, apimwe na mwanamke mwenziwe ndani.

Nawe ukiwa unampima huyo mwanamke, Abrahamu awe wapi? Nieleze.

Massoud


Nguvumali
20 Oktoba 1983

Baba Thuwaiba,

Abrahamu anakuwa nje, kwani unadhani tunampandisha darini?

Mwanamke amekuja kweli: Benedikta, yule muuguzi mrefu aliyenizalisha Thuwaiba. Anataka usilale ya kwendea zamu, fremu ya kushuka mbele gauni lisinase, na usukani ukatwe uwe mfupi apenye katikati ya mikokoteni ya sokoni. Itachukua muda, fremu yenyewe bado hatujaipata. Kiti tumekitia mpira wa tairi ndani, laini kama godoro. Kukata usukani ndiyo ilikuwa kazi. Msumeno uliteleza ukamkata Abrahamu kidole gumba, maskini, hata leo akishika kalamu kinampwita.

Thuwaiba anakusalimia. Anasema ukija umletee kengele.

Khairiya


Wete
28 Novemba 1983

Khairiya,

Nimeisoma barua yako mara nne, na kila nikiisoma nakutana na kidole gumba cha Abrahamu.

Umejuaje kama kinampwita? Unakisikiliza? Na kalamu ya nini? Tangu lini yule kijana akawa karani? Halafu unasema "tumekitia mpira". Nani na nani? Mimi nilimwacha fundi mmoja barazani, sasa nasoma habari za watu wawili.

Na hili je? Kwenye pembe ya karatasi yako kuna alama ya kidole. Ni grisi, naijua grisi hata kwa kunusa, na nimeinusa. Mtu mwenye grisi mkononi ameshika karatasi ambayo mke wangu ananiandikia mimi. Alikuwa amesimama wapi? Nyuma ya bega lako, akisoma? Ami Yakoub ananiuliza mbona sili. Nitakula nini, na kidole kile kinanitazama?

Ninakuonea wivu, Khairiya, nakwambia wazi. Ninamwonea wivu na yeye. Yuko kwenye benchi langu, ameshika nyundo yangu, anakunywa chai yangu, na mimi niko huku natengeneza baiskeli za watu wanaoniita mgeni.

Nijibu upesi.

Massoud


Nguvumali
15 Januari 1984

Baba Thuwaiba,

Umenusa karatasi! Loo, makubwa. Mume wa mtu kavuka bahari kwenda kunusa barua.

Sikiliza. Hapajasimama mwanamume nyuma ya bega langu. Naapa kwa Mungu aliyeniumba, tena kwa kichwa cha mtoto wetu. Kama hutaki kuamini hilo, na barua hii ichane.

Sasa nina swali la kazi, nijibu la kazi. Mpandaji akikaza miguu kurudi nyuma ili asimame, gia inalegea kwenye habu. Si mara moja, lakini kidogo kidogo, mpaka siku moja itatoka kabisa. Kukanyaga mbele kunaikaza, kuzuia kunaifungua. Hili wewe ulilimalizaje? Nakumbuka zako hazikuwa zikilegea, lakini sehemu hiyo ulikuwa ukiifunga huku umenipa mgongo. Abrahamu anauliza. Fremu ya Benedikta imepatikana, anaisubiri baiskeli yake, na watu wengine saba wako kwenye foleni. Mjini siku hizi wanasema hapana usilale kama za Nguvumali.

Khairiya


Wete
11 Februari 1984

Kwa Abrahamu,
Benchi la baiskeli, Nguvumali

Abrahamu,

Hii nakuandikia wewe, mwanamume kwa mwanamume. Watu wanaotoka huko wanafika hapa Wete na kunisifia mimi usilale za Nguvumali mbele ya zangu. Haziyumbi, wanasema, mkono wa yule fundi una baraka. Nimewasikia.

Umeuliza habari ya gia. Gia kulegea ni ugonjwa wa mafundi wenye mikono laini. Chukua uzi wa katani, upake rangi ya mafuta, uzungushie kwenye nyuzi za habu pale gia inapojifunga, kaza kwa nguvu zako zote, kisha piga nyundo tatu. Basi. Hakuna siri nyingine.

Na lingine. Kaa mbali na dirisha la mke wangu. Chai ukishaimaliza, kikombe kiache hapo hapo na ugeuze uso barabarani.

Massoud


Wete
19 Mei 1984

Khairiya,

Miezi mitatu kimya. Nimeandika Machi, nimeandika Aprili, na leo tena. Kama umekasirika, kasirika kwa maandishi. Nahodha mmoja ameniambia amepita Nguvumali akakuta baraza limefungwa. Limefungwa kwa nini? Uko Moa? Abrahamu yuko wapi? Mmekwenda wapi?

Massoud


Nguvumali
7 Julai 1984

Massoud,

Barua uliyomwandikia Abrahamu niliifungua mimi, kwa sababu Abrahamu hayupo. Hayupo tangu mwaka jana. Alikaa siku kumi na moja baada yako, akaitwa kwao Lushoto kwa mama yake mgonjwa, hakurudi tena. Fundi ni mimi. Kidole gumba kilichokatwa ni changu. Grisi uliyoinusa ni yangu. Umekesha ukiuonea wivu mkono wa mkeo.

Sikukwambia kwa kuwa uliandika kwamba akiondoka benchi lifungwe nirudi Moa. Nirudi nikale kwa macho ya wifi yangu, nikiulizwa kila ninaponyoosha mkono kwenye sinia? Miaka sita nimekaa nyuma ya dirisha lile nikikupa spana kabla hujaitaja. Nilijua naweza, nikafanya. Nilikudanganya, nalikiri. Hilo ni langu.

Sasa sikia lako.

Uliposema katani, nilifurahi. Nikasema huyu ana wivu wake, lakini kazi haifichi, huyu ni fundi. Nikazungushia katani, nikakaza, nikapiga nyundo tatu kama ulivyosema. Usilale ya Benedikta ndiyo niliyoifunga hivyo. Kabla sijampa, nikaipanda mwenyewe kuijaribu, nikaenda nayo kwenye mteremko wa bandarini. Katikati ya mteremko nikakaza miguu kupunguza mwendo. Gia ikajifungua. Miguu ikawa inazunguka hewani, breki hakuna, na mbele yangu lori la mkonge limesimama. Nikajitupa kwenye mawe. Mkono wa kushoto ulivunjika pawili. Ndiyo maana baraza lilifungwa, na ndiyo maana sikuandika. Nilikuwa bado nakutetea moyoni, nikisema labda katani niliitia vibaya.

Mwezi uliopita akaja mfanyabiashara wa huko Wete, anaitwa Mundhir, anataka spoki mbili. Baiskeli yake usilale. Nikaipindua kwa mkono wangu mmoja, Thuwaiba akashika gurudumu. Chini ya fremu nikakuta alama yako ya patasi: M, kumi, themanini na tatu. Nikaifungua habu. Kumbe kuna ringi! Ringi ile ya kukazia kikombe cha gololi za pedali, umeitoa kwenye baiskeli iliyokufa ukaifunga hapo, imeibana gia, na pembeni umetoboa tundu ukatia parafujo ndogo ili isicheze. Gia ile hata tembo akizuia haifunguki.

Oktoba themanini na tatu ulikuwa unajua. Februari themanini na nne ukaandika katani, hakuna siri nyingine.

Zote nilizowahi kutengeneza nimeziita barazani, moja moja, nimezitia ringi. Sina zaidi.

Khairiya


Wete
30 Julai 1984

Khairiya,

Sijui nianzeje, kwa hiyo naanza na ukweli. Nilijua. Ringi ile naijua tangu mwaka wa pili wa kazi, na nilikuwa nakupa mgongo kwa kuwa ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho mwingine hana.

Nilitaka Abrahamu aaibike. Nilitaka wateja wamrudie na magurudumu mkononi wakimtukana, waseme afadhali Massoud. Nikataka kuandika hapa kwamba sikufikiria kuwa mtu angeanguka. Nimeandika, nimefuta. Nilifikiria. Nilimfikiria Abrahamu chini, na niliona raha. Astaghfirullahi. Sikumwona Benedikta anayekwenda zamu, sikumwona karani wa reli, na wewe hata ndotoni sikukuona. Wivu ulikuwa umeshika kalamu, mimi nimekaa pembeni.

Na bado haujaisha, Khairiya, bora ujue. Tangu nisome kwamba zile usilale zinazosifiwa ni zako, nimeulilia mkono wako, kisha katikati ya kulia nikashikwa na wivu tena: kwamba umenipita. Mtu gani mimi?

Nipe adhabu uitakayo. Niambie nije, nitakuja hata kama wale wa msako wananingoja bandarini. Niambie nisije, nitabaki.

Massoud


Nguvumali
3 Oktoba 1984

Massoud,

Usije bado.

Vitu vimeanza kuingia. Wenye fedha zao za nje wameruhusiwa kuleta bidhaa, na duka la Mhindi wa Barabara ya Tatu limetundika friwili mpya dirishani, zinang'aa. Nilidhani kazi yangu imekwisha. Wateja wanne wakaenda kununua, wakafungiwa kwenye baiskeli zao, wakawa wanapita mbele yangu wamepumzisha miguu, wananipungia mkono. Nikawaonea wivu wale wa friwili mpaka nikakosa usingizi, ndipo nikajua na mimi ninao. Baada ya wiki tatu wawili wamerudi. Mwoka mikate anasema ile nyingine inakwenda yenyewe tu, hajui kama ni yeye anayeiendesha. Nimewarudishia usilale zao.

Umetaka adhabu. Humu kwenye bahasha nimeweka kipimo changu. Nitengenezee usilale, kila kitu kwa mkono wako, ringi uifunge wewe. Nitashuka nayo kwenye mteremko ule ule wa bandarini. Nikifika chini nitakuandikia. Nisipofika, hutahitaji barua.

Khairiya


Wete
16 Februari 1985

Khairiya,

Nilipofungua bahasha zilidondoka kamba mbili. Nikacheka kidogo, nikasema fundi mkubwa kasahau, kapima mara mbili. Nikazinyoosha juu ya meza. Moja ni fupi kuliko nyingine kwa vidole viwili. Nikadhani imejikunja. Nikainyoosha tena. Mara ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba umenipimia mikono yote miwili, na kwamba hii fupi ni ya kushoto. Nilikaa chini pale pale karakanani, mbele ya watu. Ami Yakoub alidhani nimeletewa habari ya msiba.

Nimepima mikono ya nusu ya wanaume wa Tanga. Wako sikuwahi kuupima hata siku moja. Ilibidi uvunjike ndipo niujue urefu wake.

Baiskeli anakuletea Mundhir, boti ya Jumanne. Imenichukua miezi minne kwa kuwa nimeifungua na kuifunga mara sita. Rangi ni ile ya kijani ya mlango wetu. Usukani utauona umekwenda kombo, usidhani umepigwa njiani: upande wa kushoto nimeukunja ukaja nyuma vidole viwili, ukutane na mkono wako pale ulipo, usihangaike kuufuata. Mtu mwingine akiipanda itampeleka mtaroni. Kengele ni ya Thuwaiba.

Nimeshuka nayo mwenyewe hapa Wete, mteremko wa sokoni, mara thelathini. Ami ananihesabia. Lakini mwili wangu si wako, wala mteremko wa hapa si ule. Tangu leo mpaka nipate barua yako sitashika spana.

Massoud


Nguvumali
6 Machi 1985

Baba Thuwaiba,

Imefika Jumatano. Kabla ya kuipanda niliifungua habu. Usikasirike, ningekuwa mpumbavu nisipoifungua. Ringi ipo na parafujo ipo. Nikazitazama, nikazifunga tena kwa mkono wangu.

Jana asubuhi nimekwenda mteremko wa bandarini. Benedikta alisimama chini na mkoba wake wa dawa, ananiapia kwamba nikianguka tena hanifungi bendeji, ananifunga kamba. Thuwaiba alishika kengele asiiachie mtu. Nikashuka. Pale pale katikati nikakaza miguu, kwa makusudi, kwa nguvu zote. Ikashika. Nikakaza tena. Ikashika. Nilifika chini taratibu kama mtu anayeteremka ngazi za nyumbani kwake, na usukani wako wa kombo haukunitoka mkononi. Nililia, lakini nilikuwa nimeshasimama.

Njoo. Siku hizi hapana anayekuja kuinama chini ya vitanda vya watu. Benchi nimelirefusha, nimekutengea upande wa kushoto, wa kulia ni wangu. Ringi utazifunga mbele yangu, bila kunipa mgongo. Wivu wako najua utakuja nao. Ukifika, uache barazani. Ukae nje kama Abrahamu, na chai yake nitaiweka dirishani.

Mkeo,
Fundi Khairiya